Barua ya wazi kwa uongozi wa shule anayosoma mwanangu: waondoeni watoto wetu kwenye matangazo yenu

Kwa Mkurugenzi,
Mwalimu Mkuu,
na wajumbe wote wa Bodi ya Shule.

YAH: PICHA, VIDEO NA HABARI ZA WATOTO WETU MNAZOPOSTI MITANDAONI BILA RUHUSA

Ndugu Mkurugenzi, habari za kazi. Mwalimu Mkuu, shikamoo. Wajumbe wa bodi nawasalimu wote kwa heshima.

Mimi ni mzazi hapo kwenu, mwanangu yupo darasa la tatu na aliingia tangu awali, ada nalipa, vikao nakuja, na mnanifahamu vizuri maana kuanzia getini mpaka ofisini wote mnaniita Mama Fulani kwa jina la mwanangu kama tulivyozoea, ila leo hilo jina sitaliandika, wala sitaandika jina la shule, wala mtaa ilipo. Nyie mkisoma mtajijua. Sio kwamba nawaogopa, ni kwamba siwezi kulalamika mtoto kaanikwa alafu na mimi nikamuanika upya humu humu.

Na naomba nieleweke mapema, huku hadharani sikuanza nako. Nilianza kwa mwalimu wa darasa, akanambia hilo lipo juu yake niende ofisini. Ofisini wakanambia andika barua, nikaandika, nikaipeleka mwenyewe kwa mkono, ikapigwa muhuri wa kupokelewa mbele yangu na nakala ninayo, jibu mpaka leo hamna. Mwishoni nikauliza kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, kwa upole kabisa na salamu nimetanguliza, haikuchukua mda admini kafuta meseji yangu na grupu likageuzwa wanaoandika ni maadmini tu, sisi wengine tubaki kusoma matangazo ya sare na ada. Sasa kama ndani hapaongeleki basi tuongelee nje, na wazazi wenzangu wasome na wao maana najua sipo peke yangu, wapo walionifata inbox wakasema wana la kwao ila wanaogopa mtoto atatafutiwa sababu.

Hoja zangu ni hizi.

1. Video ya darasani

Hii ndo ilinifikisha hapa kwahiyo ntaisema kwa urefu.

Mwalimu aliuliza swali la mdomo darasani, mwanangu akanyoosha kidole, akasimama, akakosea. Akakosea vile watoto wa miaka minane wanavyokosea, kwa kujiamini kabisa. Alijibu nini sitasema hapa. Kumbe mwalimu wakati huo kashika simu anarekodi, na kwenye video yenyewe sauti yake inasikika akicheka, alafu anamwambia mtoto "hebu rudia tena", na mtoto wa watu akidhani kapatia anarudia kwa sauti kubwa zaidi. Darasa zima likaangua kicheko. Ikapostiwa kwenye TikTok ya mwalimu, siku hiyohiyo peji ya shule ikaichukua na kuweka vile vikatuni vya kulia kwa kicheko na jina la shule na namba za simu za kujiandikishia wanafunzi wapya chini yake. Yani tangazo.

Baada ya hapo haikuwa yenu tena. Peji za vichekesho zikaibeba, wengine wakaweka muziki, wengine wakajirekodi pembeni yake wanamuigiza mwanangu anavyoongea, na komenti nilizosoma usiku ule sitaki hata kuzirudia, wapo waliosema ada mnalipa bure, wapo walioanza kumjadili sura, wapo watu wazima wenye familia zao kwenye picha ya profaili wanamtukana mtoto wa darasa la tatu. Mimi video nilitumiwa na mfanyakazi mwenzangu, hakujua kama ni mwanangu, kaniandikia "cheki haka katoto utakufa".

Mkasema mmefuta. Ni kweli mlifuta kwenye peji yenu, baada ya siku kadhaa, na nashukuru. Ila mnaposema "tumeshafuta mama" kana kwamba limeisha, mnanishangaza, maana nyie ni shule na mna somo la kompyuta kwenye ratiba. Mkifuta pale zile kopi zilizopakuliwa zinabaki kwenye simu za watu, zinaendelea kurushwa grupu kwa grupu, na zile peji nyingine hawawajui nyie wala mimi. Mpaka wiki iliyopita nimeiona tena kwenye status ya mtu nisiyemtegemea kabisa.

Na mtoto je? Ana jina jipya sasa. Limetokana na lile jibu. Analiitwa kwenye basi la shule, madrasa wanalijua, kijana wa bodaboda pale kijiweni kwetu akimuona anamuita hivyo kwa utani na hana nia mbaya, hata dada wa genge. Mwanzoni alikuwa anacheka nao. Sasa hivi tukipita kijiweni ananishika mkono ananivuta upande wa pili wa barabara. Mwalimu wake huyohuyo ndo kaniandikia kwenye ripoti ya nusu muhula kwamba "hashiriki darasani, ajitahidi kujibu maswali". Nimeisoma hiyo sentensi nikakaa chini. Mwalimu unataka anyooshe kidole tena ili iweje, umrekodi sehemu ya pili?

Facebook, Instagram na TikTok wenyewe wanasema aliye chini ya miaka 13 asifungue akaunti. Mwanangu hana akaunti, hana simu, na mtandaoni anajulikana kuliko mkurugenzi wa shule yake.

2. Jina kamili, sare, na basi linapita wapi saa ngapi

Mnaposti mtoto yupo kwenye sare yenye nembo ya shule, chini mnaandika majina yake mawili au matatu, darasa, wakati mwingine na umri kama ni bethidei. Alafu peji ileile, ukishuka kidogo, kuna tangazo la usafiri lenye ruti zote, basi linaanzia wapi, linapita kituo gani saa ngapi asubuhi na jioni linashusha wapi. Mmoja mmoja hayo mambo hayana shida sana labda. Yakikaa pamoja mtu yeyote asiyetutakia mema ana sura ya mtoto, ana jina la kumuita, anajua asimame wapi na saa ngapi. Mtoto wa miaka sita akiitwa kwa jina lake kamili na mtu anayemtajia na jina la mwalimu wake, ataamini kwamba katumwa na nyumbani.

Kuna watu watasema naongeza chumvi. Haya, ngoja niwape ambalo limeshatokea. Baada ya siku ya michezo mliposti picha ya mwanangu na medali, jina kamili, darasa. Bibi yake mzaa baba yupo Tanga, ana Facebook anayouzia vitenge, akaandika kwenye komenti "hongera mjukuu wangu" kwa furaha zake, na kwenye profaili yake namba ya simu ipo wazi kwa sababu ya biashara. Haijapita wiki kapigiwa na mtu anayejiita mwalimu wa zamu, kwamba mjukuu wako kaanguka uwanjani kaumia kichwa tumemkimbiza hospitali, mama yake hapatikani, daktari anataka hela ya kipimo sasa hivi. Kataja jina lote matatu, darasa, mpaka ile medali. Bibi wa watu kachukua akiba kakimbilia kwa wakala kutuma, Mungu ambariki yule kijana wakala maana alimuona anatetemeka akamwambia bibi mpigie kwanza mama mtu, nikapokea, mtoto yupo sebuleni anakula.

Ule utapeli wa "mwanao kaanguka shuleni" kila mtu anaujua, sio nyie mlioanzisha. Na siwezi kuapa kwamba yule mtu kachukua habari kwenye peji yenu. Ila medali ile ilipigwa picha moja tu, na iliwekwa sehemu moja tu.

3. Majina ya tusiomaliza ada kwenye grupu

Hili mnalifanya kila muhula na linatakiwa life. Mnaweka orodha kwenye grupu la wazazi, jina la mtoto, darasa, na kiasi kinachodaiwa, alafu mnaandika kwa herufi kubwa WAZAZI TUWAJIBIKE. Grupu lina watu mamia, wamo wazazi, walezi, madereva, wasichana wa kazi, wengine watoto walishahama zamani na hawajatoka. Mimi nimeshawahi kuwemo kwenye hiyo orodha na nimeshawahi kutokuwemo, na mara zote mbili nimeona aibu. Kuna baba mmoja alikuwa na msiba, kila mtu anajua alikuwa na msiba, jina la mwanae likarushwa siku ambayo watu walikuwa bado wamekaa matangani.

Kudai ni haki yenu. Kila mzazi ana namba na namba yake mnayo. Watoto nao wanasoma simu za wazazi wao, kesho yake shuleni wanaambiana nani anadaiwa.

4. Ukikataa, anayeadhibiwa ni mtoto

Baada ya ile barua yangu yenye muhuri, jibu nililopata ni hili. Siku ya picha ya pamoja ya darasa mwanangu kaambiwa mbele ya wenzake, "wewe mama yako hataki upigwe picha, nenda kakae kule". Akaenda kukaa chini ya mti peke yake mpaka wenzake walipomaliza. Kaja nyumbani kanambia, "Mama kwani nimefanya nini?"

Mimi sijawahi kusema mtoto asipigwe picha. Hakuna sehemu kwenye barua yangu nimesema hivyo, someni tena mnayo. Picha ya darasa ya kubandika ukutani na kutupa kopi nyumbani naitaka na nitailipia, na sisi wenyewe tunazo zetu za shule ya msingi tumezificha kwenye maalbamu mpaka leo tunachekana nazo. Ninachokataa ni picha hiyo kupandishwa kwenye peji ambayo mtu yeyote duniani anaiona. Kutofautisha hayo mambo mawili kunahitaji dakika mbili za kufikiri na mwalimu mwenye nia njema. Mlichofanya nyie ni kumfundisha mwanangu kwamba mama akidai haki yeye anatengwa, na kuwafundisha wazazi wengine wasithubutu. Kusema kweli katika yote haya hili ndo limeniuma kuliko hata ile video, maana video naweza kusema ni utani wa kijinga wa mwalimu kijana, hili lilifanywa mkiwa mmeshasoma barua.

5. Simu za walimu

Picha za watoto zipo kwenye simu binafsi za walimu, na mwalimu akihama shule anaondoka nazo. Nani anazo, zipo ngapi, zinaenda wapi, hakuna anayejua. Kama shule inataka picha inunue kamera au simu ya ofisi, ikae ofisini.

Najua mtakachosema, kwahiyo tuongee moja kwa moja.

Mtasema nilisaini fomu. Ndio, kwenye fomu ya kujiunga, ukurasa wa mwisho, katikati ya sheria za kunyoa nywele na kuchelewa kumchukua mtoto, kuna mstari unaosema shule inaweza kutumia picha za wanafunzi kwa shughuli za shule. Mzazi anayetafuta nafasi hana uwezo wa kukata mstari huo akapewa mtoto nafasi, mnalijua hilo. Na hata kama ningeukubali kwa moyo wote, kumrekodi mtoto anakosea na kumcheka sio shughuli ya shule, wala kumtaja majina matatu na kumuuza kwenye TikTok haikuandikwa popote.

Mtasema wazazi wengine wanapenda, wanakomenti na kushea. Sawa kabisa, wapostiwe wa kwao wanaotaka, mimi sina ugomvi nao. Mtasema mbona wazazi wenyewe mnaposti watoto wenu kila bethidei. Mzazi anayempostia mwanae kaamua mwenyewe, anajua nani yupo kwenye simu yake, na likiharibika analibeba yeye. Nyie mnaposti mtoto wa mwenzenu ili mpate wanafunzi wapya Januari, na likiharibika analibeba mtoto. Mwanangu sio bango la pale Mwenge.

Mtasema ushindani ni mkubwa na shule zote zinafanya. Hapa nawaelewa kidogo, sitakuwa mnafiki. Baraza la Mitihani Januari 2023 lilisema halitangazi tena shule bora na wanafunzi bora kama zamani, na naona tangu pale kila shule binafsi inahangaika ijitangaze vipi, na mtoto anayecheza, anayelia, anayesema kiingereza cha kuchekesha, ndo imekuwa njia rahisi. Haya ni mawazo yangu tu. Ila mna maktaba, mna walimu wazuri wengine nawapenda kabisa, mna kiwanja ambacho shule nyingi za hapa mjini hazina, pigeni picha hivyo vitu. Mpigeni mtoto kwa nyuma akiwa ameinama anaandika, sura isionekane, mbona inawezekana na inapendeza.

Na mtasema, hili nimeshaambiwa kabisa na mtu wa ofisini, "kama huridhiki mama shule zipo nyingi". Mtoto kuhama shule katikati ya mwaka kwa sababu watu wazima wameshindwa kuweka simu mfukoni, hapana. Na nikimhamisha ile video inahama naye.

Sasa upande wa sheria, maana nimeona watu wengi wanadhani haya ni mambo ya heshima tu na kuombana. Katiba yetu, Ibara ya 16, inasema kila mtu anastahili kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi na familia yake, haijasema kila mtu mwenye zaidi ya miaka 18. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 ambao Tanzania imeuridhia nao unalinda faragha ya mtoto, na kwa bahati tu ni Ibara ya 16 hiyohiyo, kwahiyo hata kukariri ni rahisi. Alafu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ikaunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ambayo Rais Samia aliizindua Aprili 2024. Sheria hii inaweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti, zinazotaka ridhaa ya maandishi kabla hujazitumia, na ridhaa hiyo aliyeitoa anaweza kuiondoa mda wowote. Miamala ya fedha ya mtu nayo ipo kwenye kundi hilohilo, someni tena hoja yangu ya tatu mkijua hilo. Na wanaokusanya taarifa za watu wanatakiwa kujisajili Tume na kuwa na afisa anayehusika na ulinzi wa taarifa hizo. Nyie mna majina yetu, vitambulisho vyetu, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, chanjo na magonjwa yao, tunapokaa na kazi zetu. Kwa heshima naomba kuuliza, mmejisajili? Afisa huyo ni nani, tumpigie namba ipi?

Kama mnaona ni sheria za kwenye makaratasi, angalieni majirani zetu hapo Kenya. Wao wana Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wao wa Ulinzi wa Data iliitoza shule ya Roma ya Uthiru faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuposti picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Kipindi hichohicho klabu moja ya starehe, Casa Vera, ikatozwa 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Huyo wa klabu ni mtu mzima kaenda mwenyewe kujirusha, na bado ofisi ikasema ilibidi aulizwe kwanza. Itakuwa mtoto aliyeenda darasani kwa sababu nimempeleka mimi?

Na kuna la mbali zaidi ambalo najua mtaliona la kizungu lakini acha niliweke. Mwaka 2024 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch liligundua linki za picha za watoto wa Brazil, na baadae za watoto wa Australia, zikiwa ndani ya LAION-5B, lile rundo kubwa la linki za picha na maelezo yake zilizokusanywa kutoka intaneti na kutumika kufundishia programu za akili mnemba. Hakuna mzazi aliyeulizwa, na baadhi ya watoto waliweza kutambulika mpaka majina kwa sababu yaliandikwa kwenye maelezo ya picha. Programu hizohizo ndo zinazotengeneza picha za uongo za watu, zikiwemo za aibu. Kwahiyo mnapoandika majina matatu chini ya sura ya mtoto, msidhani anayesoma ni bibi wa Tanga peke yake.

Ninachoomba sasa.

Kwanza picha na video zote za mwanangu ziondolewe kwenye kurasa zote za shule na kwenye akaunti binafsi za walimu, na mniandikie barua kwamba imefanyika, sio kuniambia getini. Zile peji zilizobeba ile video, shule kama shule iandike kuzitaka ziitoe na itoe ripoti TikTok, maana nimeripoti mimi kama mtu binafsi na najua ikitoka kwa shule yenyewe yenye nembo kwenye video itakuwa na uzito.

Pili itengenezwe fomu ya ridhaa ya peke yake, sio mstari kwenye fomu ya kujiunga. Iwe na visanduku tofauti, kimoja cha picha ya ukutani na albamu, kingine cha grupu la wazazi, kingine cha mitandao ya wazi, na mzazi aweke alama anapotaka na abadilishe anapotaka. Na iandikwe humohumo kwamba atakayekataa mtoto wake hatatengwa wala kutajwa mbele ya wenzake. Mimi hicho kisanduku cha kwanza nitaweka alama ya ndio siku hiyohiyo.

Majina ya watoto na ratiba ya mabasi vitoke kwenye peji, ruti mtutumie wanaohusika. Madeni ya ada kila mtu adaiwe kwenye simu yake. Mwalimu asirekodi darasani kwa simu yake, na watoto wasirekodiwe wakiwa wanalia, wanakosea, wanaumwa au wanaadhibiwa, hata kwa simu ya ofisi, hata kama inachekesha.

Kwa mwalimu aliyerekodi, sijaomba afukuzwe na sitaki afukuzwe. Ni kijana, na kufundisha anafundisha. Naomba amwite mwanangu pembeni amwambie samahani, yeye mwenyewe kwa mdomo wake. Na yule aliyemtuma akakae chini ya mti, hivyohivyo.

Mwisho muitishe mkutano wa wazazi kuhusu jambo hili peke yake, lisiwe "mengineyo" baada ya sare na michango ya mahafali, na grupu lifunguliwe watu waandike.

Nawapa mpaka shule zitakapofungwa muhula huu. Nadhani ni mda wa kutosha kabisa, mengi niliyoomba hapa yanahitaji simu na kidole kimoja. Ikipita hapo bila jibu la maandishi, nitapeleka malalamiko rasmi Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na barua yangu yenye muhuri wenu itakuwa kiambatanisho cha kwanza, skrinshoti nilizopiga kabla hamjafuta ndo kiambatanisho cha pili. Wazazi wengine walionifata inbox wameshaniambia wataandika za kwao.

Kwa yule wa ofisini atakayeuliza huyu mama katumwa na nani, nimetumwa na mtu wa miaka minane.

Wenu katika malezi,
Mzazi, darasa la tatu.

Nakala:
Mwenyekiti wa Kamati ya Wazazi
Afisa Elimu Msingi wa Halmashauri
Wazazi na walezi wote tuliofungiwa kuandika kwenye grupu